Kutozuia na Kusaidia

Pana watu waaminio kuwa wajibu wa mtu kwa mwenziwe hutimia asipomzuia. Husema, "Mlango sikuufunga; asiyeingia na ajilaumu mwenyewe." Neno hili lina sura ya haki, na wengi huridhika nalo. Na tulipime kwa kiumbe mdogo sana: bakteria aitwaye Escherichia coli, aishiye katika utumbo wa binadamu.

Bakteria huyu ana jeni zimwezeshazo kula laktosi, sukari ya maziwa. Mwaka 1961, huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza kuwa jeni hizo huzuiwa na kizuizi kikaacho mfano wa bawabu. Laktosi ijapo, bawabu huondoka. Wengi wakadhani kuwa jeni zote hutawaliwa vivyo hivyo: ondoa kizuizi, kazi itaanza. Mwaka 1965 Ellis Englesberg na wenzake, waliochunguza sukari nyingine, arabinosi, walitoa hoja kuwa ziko jeni zisizoamka mpaka zisaidiwe na protini. Hoja hiyo ilipokewa kwa shaka.

Baadaye ilidhihirika kuwa hata jeni za laktosi zahitaji msaada. Kimeng'enya kinakilicho jeni kuwa RNA hushika mahali pake pa kuanzia kwa udhaifu. Glukosi ipungukapo, protini iitwayo CAP huishika DNA karibu na mahali hapo, huipinda, na hukikamata kimeng'enya hata kikatulia na kuanza kunakili. Pasipo CAP, bawabu aweza kuwa ameondoka, lango likawa wazi, na kazi ikawa haba.

Bakteria hana dhamiri, wala mwendo wa seli si sheria ya wema. Protini haichagui kusaidia, basi haistahili sifa. Lakini mfano huu watenga mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya: kukosekana kwa pingamizi na kuwapo kwa msaada. Hakuna moja liwezalo kusimama badala ya jingine. CAP nayo haifai kitu bawabu angali mahali pake; kadhalika, kumsaidia mtu huku umemfunga ni dhihaka.

Shule iliyofuta ada imeondoa kizuizi, na imetenda jema. Lakini mtoto asiye na daftari, wala taa ya kusomea, wala mtu wa kumwuliza amejifunza nini leo, yu mbele ya lango wazi bila nguvu ya kuingia. Aliyefungua lango akaenda zake amefanya nusu ya kazi na kudai ujira mzima.

Wapo waogopao kuwa msaada huzaa uvivu. Na watazame tena: CAP hainakili hata herufi moja ya jeni. Humshikilia mtendaji mpaka asimame, kisha kazi hubaki ya mtendaji. Basi aulizwaye amemtendea nini jirani yake, akijibu kuwa hakumzuia, bado hajajibu. Ametaja tu lile asilolitenda.