Mwambie Ukweli Binamu Yako

Mjukuu wangu,

Jumapili ulipowaonyesha binamu zako video ya Mario akimaliza gemu nzima bila kuguswa, walipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Wakakusifu vidole vyako. Nawe ukanyamaza. Nilikuwa kwenye kiti changu, nikaona ulivyonyamaza, ndiyo maana nakuandikia.

Usidhani naidharau kazi yako. Usiku ule uliponikalisha karibu nawe nilistaajabu. Uliisimamisha gemu, ukaisogeza fremu moja moja, na sekunde moja ina fremu 60. Mario akaruka, akagonga ukuta, akaanguka. Ukamrudisha nyuma, ukachelewesha kitufe kwa fremu moja, akaanguka tena. Ukamrudisha tena, na tena, chai yako ikapoa mezani. Mwishowe ncha ya kiatu chake ikanasa pale matofali mawili yanapokutana, naye akaruka kutoka ukutani kana kwamba amekanyaga ngazi. Nimetengeneza saa maisha yangu yote, lenzi jichoni. Subira ya namna ile naijua.

Wala kuutumia ufa wa gemu si wizi. Waliouacha ni watunzi wake, wewe umeuona tu. Januari 2014 huko Marekani, kwenye tamasha la Awesome Games Done Quick, roboti iitwayo TASBot ilituma mibonyezo kwenye Super Mario World kwa mpangilio uliopenyeza amri mpya katika kumbukumbu ya mashine. Gemu ya Mario ikageuka Pong, kisha Snake! Watu walishangilia, na hakuna aliyedanganywa, maana walijua anayecheza ni roboti.

Miaka 11 kabla ya hapo mambo yalikwenda vingine. Mjapani aliyejiita Morimoto alitengeneza video ya Super Mario Bros. 3 ikimalizwa kwa dakika 11 hivi. Video ikazagaa kwenye intaneti, maelezo yakabaki nyuma, wengi wakaamini ni mkono wa binadamu. Walipojua kuwa imejengwa kipande kwa kipande, kwa kurudia maelfu ya mara, walihisi wamechezewa, wakamtupia matusi. Kazi nzuri namna ile ikaitwa udanganyifu kwa kukosa sentensi moja.

Lakini linaloniuma zaidi ni habari ya Dragster, gemu ya Atari ya mwaka 1980, mbio za gari za sekunde chache tu. Tangu 1982 Todd Rogers wa Marekani alitambuliwa kuwa alimaliza kwa sekunde 5.51. Miaka ikapita, wachezaji wakijaribu kumfikia, wasiweze. Ndipo Eric Koziel akaichambua programu yenyewe ya gemu hiyo, akapima namna zote za kubadili gia, asipate chini ya 5.57. Mwaka 2018 Twin Galaxies, watunza rekodi, wakaifuta ile 5.51. Sitamwita mtu mwongo, sikuwepo alipocheza. Ninaowafikiria ni wale waliokesha wakiifukuza namba ambayo gemu haiwezi kuitoa, kila mmoja akidhani kasoro iko kwenye vidole vyake.

Sasa sikia. Binamu yako mdogo tangu Jumapili halali mapema. Anajaribu ule mruko wa ukutani kwa padi, gemu ikienda kwa kasi yake ya kawaida. Jana alinionyesha lengelenge kwenye dole gumba. Aliniuliza, "Babu, kwani yeye alianza lini kuuweza?" Sikumjibu, kwa kuwa jibu ni lako kulitoa.

Mpigie leo kabla ya magharibi. Mwambie uliisimamisha, ukarudi nyuma mara zisizohesabika, na kwamba mruko ule hata kwa mkono unawezekana, ila wenye kuuweza wameufanyia mazoezi kwa muda mrefu. Kisha mwite, umkalishe kwenye kiti nilichokalia mimi, umwachie yeye asogeze fremu.