Mke Alimlilia Mbwa, Mume Akacheka



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka kabla ya kufika katikati ya ukurasa. Tunawaomba msicheke upesi. Nyumba nyingi hazibomolewi na tufani. Huanza kuvuja mahali padogo, pale ambapo mmoja alilia na mwenzake akacheka.

Tuchukue mfano wa mume na mke vijana. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nkubu, Meru. Mke anasomea utabibu mjini Embu. Yuko mwaka wa mwisho, na ana mimba ya miezi saba, mtoto wao wa kwanza. Kila Ijumaa jioni hupanda matatu, akapita Runyenjes na Chuka, akashuka hadi daraja la Nithi na kupanda tena ng'ambo, akafika nyumbani giza limeingia. Na kila Ijumaa wa kwanza kumlaki barabarani alikuwa mbwa wao, Simba. Mke alimlea tangu akiwa msichana kwa wazazi wake, naye akaja naye katika ndoa.

Jumatano moja Simba aligongwa na lori. Mume alipiga simu, akasema: "Simba amekufa. Usijali, nitatafuta mwingine." Mke akaanza kulia. Mume hakujua la kufanya, akacheka: "Wewe daktari mzima unamlilia mbwa?" Mke akakata simu. Ijumaa hiyo hakurudi nyumbani, wala iliyofuata. Alisema ana mitihani. Lakini rafiki yake wa bwenini alimwambia ukweli: "Kama analicheka chozi hili, nitamwambia nini siku nitakayolia kwa ajili ya mtoto?"

Wapendwa, hilo ndilo swali letu. Si swali la mbwa tena.

Je, ni vibaya kumlilia mnyama?

Wazee wetu wa Meru na Embu walifuga mbwa wa kulinda boma, na wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mbwa ni mbwa. Lakini tufungue Biblia. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anapoanza safari ambayo itampatia mke, malaika yuko naye, na mbwa wake pia anafuata nyuma. Mwandishi mtakatifu hakuona aibu kumtaja. Nabii Nathani alipotaka kuuamsha moyo wa Mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake na kulala kifuani mwake kama binti yake. Daudi hakucheka. Aliwaka hasira kwa ajili ya maskini yule.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea wema. Inakubali kwamba mtu aweza kuwapenda wanyama, ila inaonya tusiwape upendo ule unaowastahili wanadamu peke yao. Hayati Papa Fransisko naye, Januari 2022, aliwasikitikia wanandoa wanaokataa watoto huku wakijaza nyumba mbwa na paka. Lakini mke huyu hakumweka mbwa mahali pa mtoto. Mtoto yumo tumboni, na anangojewa kwa shauku. Kwa hiyo tusichukue onyo la Papa tukampiga nalo mtu ambaye halimhusu.

Machozi yana kisima kimoja

Tumtazame mama huyu kwa undani. Wiki ile ile alikuwa zamu katika wodi ya watoto. Mtoto mmoja alifariki mikononi mwa wauguzi, naye akasimama pembeni ameshika faili. Wanafunzi wa utabibu hujifunza mapema kuukaza uso, maana mgonjwa wa kitanda cha pili anangoja, na mwalimu anauliza swali. Basi hakulia. Alikuwa amebeba mtoto wake mwenyewe chini ya koti jeupe, amemwona mtoto wa mwenzake akifunikwa shuka, na hakulia. Alipoambiwa Simba amekufa, yote yakatoka kwa mpigo.

Ndivyo moyo ulivyo. Huzuni iliyofungiwa mlango wa mbele hutafuta mlango wa nyuma. Mume aliyecheka hakujua kwamba alikuwa anacheka msiba wa wodini pia. Hakujua kwa sababu hakuuliza.

Na mume je? Yeye ndiye aliyemwokota Simba barabarani usiku, akamfunga kwa gunia, akachimba shimo chini ya mparachichi kwa mwanga wa tochi. Alipomaliza alikaa juu ya jembe lake kwa muda mrefu. Naye macho yalikuwa yamelowa. Lakini alilelewa akijua kwamba mwanamume halii, tena kwa mbwa! Akaificha huzuni yake ndani ya kicheko. Basi walikuwa wafiwa wawili, kila mmoja akiomboleza upande wake wa mto Nithi, na kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Bwana wetu alilia kaburini pa Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua muda si mrefu. Hakuwaambia Martha na Maria wanyamaze. Mtume Paulo anawaagiza Warumi wafurahi na wanaofurahi, walie na wanaolia. Hakusema kwanza tupime kama sababu ya kilio inatosha.

Mashauri kwa wanandoa

Kwanza, uliza kabla ya kushauri. "Nitatafuta mwingine" ni neno jema lililokuja mapema mno. Sema, "Pole. Niambie." Kisha nyamaza usikilize.

Pili, mume, safiri. Bikira Maria aliposikia kwamba Elisabeti ana mimba, hakutuma salamu tu. Alikwenda kwa haraka milimani, akakaa naye miezi kama mitatu. Mwenye mimba ya miezi saba, mwenye vitabu na zamu, asiwe yeye wa kusafiri kila wiki. Ijumaa moja panda wewe matatu ya kwenda Embu, ukiwa na ndizi na uji.

Tatu, panga mambo ya chuo mapema. Mzungumze na walimu kabla ya siku kukaribia: zamu za usiku, mitihani, na kama itafaa kupumzika muhula mmoja. Kuahirisha masomo si kushindwa. Na mume asimwamulie mkewe. Taaluma hiyo ni karama ya Mungu kwa nyumba yote.

Nne, msisikilize wapiga ramli. Huenda jirani akanong'ona kwamba mbwa amekufa badala ya mtoto, au kwamba ni ishara mbaya. Mkristo hasomi maisha ya mtoto wake katika kifo cha mbwa. Mtoto huyo yumo mkononi mwa Mungu asiyemsahau hata shomoro.

Tano, itunzeni afya. Anayejifunza kutibu wengine huweza kusahau kliniki yake mwenyewe. Akiona damu, akiumwa sana na kichwa, macho yakififia, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huzuni nayo ikidumu wiki mbili au zaidi, akakosa usingizi na hamu ya kula, au akatamani kufa, hiyo ni ya kutibiwa, si ya kukemewa. Na kama mbwa amekufa kwa ugonjwa usioeleweka, baada ya kuuma au kulamba kidonda cha mtu, oshani jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali bila kukawia. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa hata kwa mama mjamzito.

Sita, mwageni pamoja. Nendeni wawili chini ya mparachichi. Msiwe na haya kumshukuru Mungu kwa kiumbe chake kilicholinda nyumba yenu. Hakuna Misa ya mbwa, lakini Mungu hakatazi asante.

Wapendwa, siku zaja mtoto atakapolia usiku bila sababu mnayoielewa. Hamtamwuliza kama kilio chake kina maana. Mtamwinua kwanza, ndipo mtafute kinachomwuma. Anayemfanyia mkewe hivyo leo ameshaanza kuwa baba.

Ya kuzungumza nyumbani jioni hii

1. Ni lini mara ya mwisho mwenzangu alilia, nami nikacheka au nikanyamaza?
2. Ni huzuni gani niliyoificha kwa kuogopa kuchekwa?
3. Mtoto akizaliwa, nani atafanya nini, na masomo au kazi zitaendeleaje?

Tusali: Ee Bwana, uliyelia pamoja na rafiki zako, tufundishe kuliheshimu chozi la mwenzi wetu hata tusipolielewa. Mlinde mama mjamzito safarini na wodini, na umpe mtoto ajaye nyumba ambamo hakuna anayelia peke yake. Amina.