Fungu la Anayebaki na Vyombo



Tunapompokea mgonjwa hospitalini kuna swali hatuliruki: unafanya kazi gani? Akina mama wetu wengi hujibu kwa sauti ya chini, "Sifanyi kazi, nipo tu nyumbani." Mama huyo ameamka saa kumi na moja alfajiri, amemfungia mume chakula cha kazini, amewafikisha wawili kwenye basi la shule, na sasa ameketi mbele yetu huku wa tatu amelala mgongoni. Halafu anasema "nipo tu". Hiyo "tu" imetusumbua, na leo tumeileta mbele ya Neno.

Tufungue 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kukuta mji umechomwa moto, wake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu zinawaishia. Katika kuwafuatia adui, 200 wanachoka, hawawezi kuvuka kijito cha Besori, wanabaki na vyombo. Wale 400 wanaendelea, wanashinda, wanarudi na kila kitu. Ndipo baadhi yao wanasema: hawa hawakwenda nasi, wapewe wake zao na watoto wao waende zao, nyara hawapati. Daudi anakataa. Aliyetoa ushindi ni Bwana, kwa hiyo aliyebaki na aliyekwenda vitani watagawana sawa. Tena hakuiacha iwe fadhila ya siku moja. Aliifanya sheria katika Israeli.

Mara ngapi nyumbani kwetu imesemwa, "Hela ni yangu, mimi ndiye ninayekwenda kazini"? Na si wanaume peke yao. Sisi wauguzi nasi tumewatazama wenzetu wa nyumbani kana kwamba wamekosa bidii. Mungu atusamehe. Zamu yetu ni saa 12, kisha tunamkabidhi mwenzetu wagonjwa, tunatoka. Mama wa nyumbani anamkabidhi nani? Kule kwetu aliyejifungua alikuwa na mama yake, shangazi, wifi na jirani wa kumkanda na kumpikia uji, asishike ufagio hadi arobaini iishe. Hapa Marekani tumewaona wakibeba kapu la nguo hadi kwenye mashine siku ya nne, mshono haujapona.

Sasa, maua ya Siku ya Mama mwezi Mei ni mazuri, ila fungu ni fungu. Katika nchi hii, ili mtu apate pensheni yake mwenyewe ya Social Security anahitaji kredeti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi yenye kipato. Kulea watoto wako hakuhesabiwi. Mama anaweza kulipwa kupitia mumewe, hadi nusu ya kiasi cha mume, lakini ndoa ikivunjwa kabla ya kufikisha miaka 10 mlango huo unafungwa. Kwa hiyo, akina baba, mwenye uwezo wa kuweka akiba ajue kwamba sheria ya kodi inamruhusu kumwekea mke asiye na kipato akaunti ya uzeeni, ile ya IRA, kwa jina la mke mwenyewe, mradi mnajaza kodi pamoja. Mwulizeni anayewajazia kodi. Na akaunti ya benki iwe na majina mawili, nywila aijue naye.

Mtu atasema wale 200 walibaki kwa sababu walichoka tu. Ni kweli, walichoka. Na mama wa nyumbani huchoka. Wengine baada ya kujifungua hulia bila kujua sababu, hawalali hata mtoto akilala, hawataki kumshika. Hayo si mapepo wala uvivu. Ni ugonjwa, na unatibika. Ukimwona dada yako hivyo mpeleke kwa daktari; maombi tutayaendeleza njiani.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wazee wa kanisa na akina baba watawalea watoto wote kwenye ukumbi wa chini. Akina mama nendeni mkalale, mkatembee, au mkae tu. Msipike. Akina baba wameahidi wali na maharage, tuwaombee. Leteni nepi za kutosha, na andikeni jina la mtoto kwenye chupa ya maziwa.