Jina la Utani ni la Nani?



Huku kwetu Mbeya na Iringa ni vigumu kumpata mtu asiye na jina la utani. Twaitana, twacheka, na siku zapita. Lakini sisi tuliofundisha miaka mingi tuna sababu ya kujiuliza: je, jina hilo ni la anayeita au la anayeitwa?

Wazee wetu waliijua nguvu ya jina. Inasimuliwa kwamba hata jina la Wahehe lilitokana na ukelele wao vitani, “Hee! Hee!” Waliousikia wakawaita hivyo, wenyewe wakalipokea na kujivunia. Naye afisa wa Kijerumani Emil von Zelewski, aliyeuawa Lugalo mwaka 1891, wananchi walimwita Nyundo. Wanyonge hawakuwa na baraza la kumshitaki mkubwa kama huyo. Jina ndilo lililokuwa shitaka lao.

Tena tuutazame utani wenyewe. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na baadaye wakawa watani. Mtani hukutania hata msibani, wala hukasiriki. Kwa nini? Kwa sababu nawe una haki ya kumjibu. Leo kwako, kesho kwake. Hapo ndipo ilipo mizani ya utani.

Sasa yatupasa kukiri kosa letu. Kabla hatujahamia chuo cha ualimu, tulikuwa na mtoto darasani aliyekuwa mzito wa kusoma. Siku moja tukamwita Kobe. Darasa zima likacheka, naye akacheka, nasi tukadhani amefurahi. Jina likamfuata uwanjani, njiani, mpaka nyumbani kwao.

Miaka mingi baadaye tulikutana naye kwenye stendi ya mabasi Mbeya, mtu mzima mwenye watoto. Kwa furaha tukaita, “Kobe!” Akaja, akatuamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Tukaitikia. Kisha akauliza kwa upole, “Mwalimu, jina langu walikumbuka?”

Tulilitafuta, hatukulipata.

Yule mtoto hakuwa mtani wetu. Kama yeye angetuita Kobe, tungalimchapa. Hakuwa na haki ya kujibu, na kucheka kwake kulikuwa njia pekee ya kujificha. Tulichokiita utani kilikuwa mzigo tuliomtwika mdogo asiyeweza kuutua.

Si kila jina la kupewa ni baya. Bwana wetu alimwita Simoni Petro, yaani mwamba, angali mtu wa kuyumbayumba. Jina likamwonyesha atakavyokuwa. Letu lilimfunga mtoto palepale alipokwama.

Basi, wazazi, walimu na vijana, kabla ya kumpa mtu jina tujiulize: je, aweza kutujibu bila hofu? Na jina hili lamwinua, au lamkalia juu?

Siku ile tulimwomba radhi, tukamwuliza jina lake, akatutajia. Hatuliandiki hapa, maana ni mali yake; lakini hatutalisahau tena.