Hofu Katika Bustani ya Watoto

Je, yafaa vitisho vya sinema za watu wazima viwekwe katika bustani ya michezo waendako wazazi pamoja na watoto wao? Mwaka 1995, katika Magic Kingdom huko Florida, Marekani, kampuni ya Disney ilifungua mchezo ulioitwa Alien Encounter, ambao wazo lake la kwanza lilitokana na Alien, sinema ya kutisha ya mwaka 1979. Watu waliketishwa, wakabanwa mabega kwa vyuma, taa zikazimwa. Kisha wakasikia pumzi za dubwana shingoni mwao. Onyo lilikuwapo mlangoni, lakini watoto waliingia, wakalia. Mwaka 2003 mchezo huo ukafungwa.

Hatusemi kwamba mtoto asitishwe kamwe. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi usiku, nasi tukazipenda mno. Lakini bibi aliutazama uso wa mjukuu wake. Akiona machozi, zimwi lilikufa upesi kuliko desturi yake. Mashine haioni. Tena baba aliyebanwa katika kiti cha pili alimsikia mwanawe akilia gizani, asiweze kumkumbatia. Kwa neno hilo, kupita giza lenyewe, twauona mchezo ule haukufaa.