Mhunzi Katikati ya Wauza Nguo

Injini ndogo ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wa Nairobi huiita tu-stroki, haina mengi ya kuficha. Haina vali za kusukumwa na kamshafti. Katika muundo wake ulio rahisi zaidi, pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayofungua na kufunga matundu yaliyochongwa ukutani mwa silinda: la kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa, ya kuupandisha juu, na la kutolea moshi. Ndiyo maana kijana mwenye tupa nyembamba, msasa, spana chache na subira anaweza kuigeuza tabia ya skuta nzima akiwa amechuchumaa mlangoni kwao Umoja au Jericho. Akilipandisha tundu la moshi kwa milimita moja, injini inapata mbio za juu na kupoteza nguvu za chini. Akipunguza kimo cha hedi, mgandamizo unaongezeka, na joto nalo. Akiweka jeti ndogo kwenye kabureta ili kubana mafuta, kesho yake pistoni itashikana na silinda katikati ya Jogoo Road.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Swali lake ni la kale kuliko injini yoyote: mtu akiongeza nguvu ya kitu alichokinunua kwa pesa zake, anashughulika na mali yake tu, au ameshaingia katika maisha ya watu ambao hakuwauliza?

Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, si mahali pa kulikwepa swali hilo. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, una nyumba zilizopangwa kuzunguka viwanja vya pamoja. Buruburu imegawanywa katika korti, na watu wa korti moja hutumia lango moja. Kayole na Umoja zimejaa ghorofa zilizobanana, kati yake uwazi mwembamba wa kuanikia nguo. Skuta ikiwashwa chini ili fundi aisikilize kabureta, sauti hupanda na ngazi mpaka ghorofa ya mwisho, na moshi huingia jikoni kwa mama ambaye hana habari kama kuna kitu kinaitwa jeti duniani. Logbuku ina jina la mtu mmoja. Hewa ya ngazi haina logbuku.

Na moshi huo una kisa chake. Katika tu-stroki ya kabureta kuna nukta ambapo matundu ya kupandishia mchanganyiko na tundu la kutolea huwa wazi kwa pamoja. Mchanganyiko mpya unapoingia kuusukuma nje moshi wa mlipuko uliopita, sehemu yake hutoroka nao. Injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, petroli inayotoka bila kuungua inaweza kufika karibu theluthi moja. Juu ya hapo kuna oili, kwa kuwa injini hizi hazina oili yake ya chini. Huchanganywa na petroli, kwa kawaida mililita 20 kwa lita moja katika skuta nyingi, au mililita 40 katika injini za zamani zaidi. Wengi huongeza kidogo “kwa usalama”. Hawajui kwamba kila tone la oili linalopita kwenye jeti limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu na injini inapata joto zaidi. Anayezidisha oili hujiletea hasara mwenyewe na kumletea jirani moshi wa buluu, vyote kwa chupa moja.

Ni kweli kwamba tu-stroki zimepungua sana mjini. Serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, barabara zilijaa Boxer na TVS, ambazo ni za mipigo minne. Vespa za zamani, Suzuki A100 na Yamaha AG100, ile iliyozoeleka kwa maafisa wa kilimo na mapadre wa mashambani, zimebaki kwa wapenzi wake. Lakini tabia ya kuchonga injini na kufungulia ekzosi imehamia kwa hizo mpya, na swali limehama nayo.

Waliolijadili kwa makini zaidi ni wanasheria wa Kiislamu, na jambo hilo halipaswi kumshangaza mtu wa Pumwani. Mtaa huo, pamoja na Majengo yake, uliwekwa na wakoloni mapema katika miaka ya 1920, na tangu hapo umekuwa na misikiti, madrasa na familia za Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii kama ndugu zao wa pwani. Kimoja cha vitabu vikuu vya madhehebu hayo, kilichosomeshwa kwa vizazi Lamu na Zanzibar, ni Minhaj cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango unaohusu ardhi na haki za wenye mali, Nawawi anauliza kama mtu anaweza kuigeuza nyumba yake, iliyozungukwa na nyumba za wengine, kuwa hamamu au zizi; na kama mwenye duka katika soko la wauza nguo anaweza kuligeuza kuwa karakana ya mhunzi. Jibu analoliona sahihi zaidi ni ndiyo, anaweza. Masharti ni mawili: achukue tahadhari, na aziimarishe kuta.

Msomaji wa Nairobi hawezi kuupita mfano huo bila kutabasamu. Gikomba ni soko la nguo, kubwa kuliko yote ya mitumba nchini. Na hatua chache kutoka hapo, Kamukunji, wahunzi hugonga mabati, mabamba ya chuma na ngoma za mafuta tangu asubuhi mpaka jioni, wakitengeneza masanduku, majiko na karai. Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 hakuwaambia waondoke kwa sababu ya kelele. Aliwaahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Nawawi angemwelewa. Riziki ya mhunzi nayo ni haki, na mji usiotaka kusikia nyundo utakosa sufuria.

Wanachuoni wa Kimaliki walikuwa wakali zaidi. Waliushikilia ule msingi uliopokewa katika mapokeo ya Mtume, kwamba mtu asidhuru wala wasidhuriane, na wakaufikisha hadi kwenye moshi wa hamamu na matanuri, harufu, na mtikisiko wa vinu. Mjini Tunis, katika karne ya 14, aliyekusanya hukumu hizo kitabuni alikuwa fundi mwashi, Ibn al-Rami, ambaye kadhi alikuwa akimtuma kukagua kuta na kutoa ushahidi. Hilo lina uzito wake. Kadhi alijua sheria, lakini kiasi cha madhara alikijua fundi. Alihitajika mtu aliyewahi kushika mwiko ili aseme kama ukuta utapasuka.

Sasa, mhunzi wa Nawawi ana kuta. Skuta haina. Karakana ya mhunzi hukaa mahali pamoja, na anayekerwa anajua pa kwenda kulalamika. Skuta huubeba moto wake na kupita nao mbele ya milango ya watu wasiomjua mwenyewe. Hapo mafundisho ya Injili yanaongeza kitu. Katika Luka, mwanasheria anapouliza jirani yake ni nani, jibu linatolewa kwa kisa cha watu waliokutana njiani, ambao hawakuwahi kuishi ukuta kwa ukuta. Kwa mwenye skuta, jirani ni mtoto aliyebebwa mgongoni pale stejini, ni muuza mahindi kando ya Outer Ring, ni mgonjwa wa pumu ndani ya matatu iliyofungua madirisha. Ukuta pekee unaosimama kati ya moto wa injini na watu hao ni lile bomba la chuma lililofungwa ubavuni: ekzosi na silensa yake. Nacho ndicho kitu cha kwanza ambacho wengi hukitoa au kukitoboa.

Hukitoa kwa kuamini kwamba wanapata nguvu. Kwenye tu-stroki hiyo ni dhana potofu, na historia yake inavutia. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, alifanya kazi kwa miaka akilichunguza bomba la moshi. Alionyesha kwamba bomba likitanuka kisha likabana kwa vipimo sahihi, wimbi la mgandamizo hurudi nyuma na kuusukuma ndani ya silinda ule mchanganyiko uliokuwa ukitoroka, sehemu ndogo mno ya sekunde kabla tundu halijafungwa. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, kiwango ambacho injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa haikuwahi kukifikia kwa ukubwa huo. Bomba lililokatwa halirudishi wimbi lolote linalofaa. Linatoa mlio mkubwa na kumwaga petroli iliyolipiwa.

Maarifa hayo yalifikaje kwenye pikipiki za Kijapani? Septemba 1961, katika mashindano ya Sweden, mwendeshaji wa MZ Ernst Degner alitoroka, huku mkewe na watoto wakivushwa mpaka wamefichwa ndani ya buti ya gari. Aliondoka na siri za Kaaden akaenda nazo Suzuki, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Kama alivunja amana au aliikimbiza familia yake kutoka kifungoni, au yote mawili, ni mjadala wa makala nyingine.

Lakini ugunduzi wa Kaaden una mpaka wake, na wasifiaji wa ekzosi za mashindano hawapendi kuutaja. Wimbi hurudi kwa wakati ufaao katika mbio fulani tu za injini. Juu au chini ya mbio hizo, bomba hilo hilo hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mwendesha skuta anayetambaa kati ya matatu kuanzia soko la Burma hadi mjini, akisimama na kuondoka, hafiki kwenye mbio hizo hata mara moja. Amechonga injini ya uwanja wa mashindano kwa ajili ya foleni.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Kwa nini dhamiri ianze kwa mwenye skuta? Jalala la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado likaendelea kupokea taka na kutoa moshi. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wa sehemu hizo, na karibu nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Mbele ya moshi huo, skuta ni nini? Kuna kelele nyingine pia: kesha za makanisa zenye spika zinazoelekezwa mtaa mzima, na wahubiri wa stendi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku. Kama zingetekelezwa kwa herufi, nyumba nyingi za ibada zingekuwa kizimbani kabla ya vijana wa pikipiki.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, alitetea kile alichokiona kuwa haki ya kila mtu kwa kiwango cha chini cha utu: usalama wa mwili, afya na chakula. Alisema kwamba aliyenyimwa hayo hawezi kutazamiwa kuubeba wajibu wa kimaadili kikamilifu. Hoja hiyo inamkinga kijana anayebadilisha sproketi ili skuta yake kuukuu ipande mlima na magunia ya sukuma wiki kutoka Marikiti. Haimkingi anayetoboa silensa ili asikike Jumapili alasiri. Tena afya ya mtoto wa ghorofa ya nne imo katika kiwango hicho hicho cha chini. Oruka aliuona ulimwengu kama familia moja ambamo mafanikio ya mmoja yana deni kwa wengine; jalala la Dandora haliwezi kuwa risiti ya kulifuta deni la mtu mwingine.

Dunia imejaribu njia mbili. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, iliziondoa bajaji za mipigo miwili barabarani mwanzoni mwa 2003, na hewa ikabadilika upesi. Huko Ufilipino, shirika la Envirofit, lililotokana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, lilichagua kuzibadilisha injini za teksi zenye magurudumu matatu: petroli ikawa inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la moshi kufungwa, na dereva akaokoa mafuta. Shirika hilo baadaye liligeukia majiko sanifu, na majiko yake yakauzwa hata Kenya. Njia ya pili ina faida kwamba inamchukulia fundi kuwa sehemu ya jibu.

Kwa hiyo anayetaka kuchonga silinda yake Eastlands na aichonge. Mali ni yake na ufundi ni wake. Apime oili kwa chupa yenye alama, aisome plagi, maana rangi ya kahawia inaonyesha mchanganyiko mzuri na nyeupe inaonyesha joto la hatari, na aifanyie injini majaribio mchana, mbali na ngazi za watu. Silensa irudishwe mahali pake kabla skuta haijatoka getini. Akikataa hilo moja, wazee wa korti wana haki ya kumzuia.