Mmeupa Mto Kisogo

Enyi watu wa Nyeri, nanyi wa Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Murang'a na Nanyuki, sikieni. Neno hili ni lenu, na ni la wageni wenu pia.

Mgeni akija mnajua kumtembeza. Mnampeleka kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro, mkamwonyesha alipolazwa Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Katika uwanja huohuo mnamwonyesha kaburi la Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wa India, aliyekuja kuumalizia uzee wake hapa. Mnampandisha Mathari, kwenye kanisa la kumbukumbu walimozikwa Waitalia wa Vita vya Pili, na miongoni mwao Duke Amedeo wa Aosta. Mnamsimamisha mbele ya mnara wa mashujaa katikati ya mji apige picha. Mnamsimulia habari za hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth wa Uingereza alipanda juu ya mti akiwa binti mfalme, Februari 1952, akashuka akiwa malkia. Kisha mnamlisha nyama choma, mnamuaga. Na mto Chania, uliokuwa ukinguruma bondeni muda huo wote, hakuna aliyeutaja.

Hamkumpeleka mtoni kwa sababu mnaona haya. Mnajua mlichokitupa huko.

Ni nani aliyewafundisha kwamba mto ni jalala? Nyuma ya maduka yenu, taka zinashushwa bondeni gizani. Daipa za watoto wenu zinaning'inia kwenye matawi ya kando ya mto baada ya kila mvua kubwa, na kila apitaye anazihesabu kuwa ni za jirani. Mwenye nyumba za kupangisha anangoja masika, mvua ikishika usiku anafungulia shimo la choo, akiamini kwamba maji mengi hayana ushahidi. Kijana wa bodaboda anateremsha pikipiki hadi kwenye kivuko, anaipaka sabuni, anaisuuza oili ikaelea mpaka pale mama wa chini anapochota. Mwenye matatu naye yuko papo hapo na gari zima. Msimu wa kahawa ukifika, maji yaliyooshea buni yanaachiwa yaende, na mto unanuka uchachu kwa majuma kadhaa. Mkiulizwa mnajibu kwa neno moja: yanapita.

Yanapita kwenda wapi? Fuateni maji yenu. Chania unakutana na Gura, Gura unaingia Sagana, na Sagana ndio Tana. Maji yenu yanajaza Masinga, bwawa lililokamilika 1981, na mabwawa yanayolifuata hadi Kiambere, yanayowasha taa za nyumba zenu. Yakitoka huko yanapita Garissa, yanapita Hola, yanapita Garsen, hata yakaonana na bahari pale Kipini. Njia nzima kuna watu, na watu hao wanakunywa. Wapokomo wamelima kando ya mto huu vizazi na vizazi. Nanyi mkisimama wima kila tarehe 20 Oktoba mkaimba wimbo wa taifa, mahadhi mnayoyaimba yalitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo alimbembelezea mwanawe. Mtoto yule mmemwimbia taifa zima, kisha mmemtumia uchafu wenu anywe. Huo ndio uzalendo wenu?

Mnasema mnapenda historia. Historia gani hiyo isiyo na maji? Kabla Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, hajaja kusimamisha ngome yake chini ya kilima cha Nyeri mwaka 1902, mito hii ilikuwa tayari imegawanya nchi, mgongo huu na mgongo ule, mbari hii na mbari ile. Vijana waliokwenda jandoni walishuka mtoni alfajiri, wakaingia kwenye maji ya barafu, wakatoka wakiwa tayari kwa kisu. Asiyeingia mtoni hakuitwa mtu mzima. Leo watoto wenu wamekatazwa kuugusa mto huohuo, na waliowakataza ni mama zao, kwa haki kabisa, kwa kuwa wanajua magonjwa yaliyomo.

Na mashujaa wenu je? Walioingia msitu wa Nyandarua kupigana na mkoloni miaka ile ya hali ya hatari hawakuwa na mfereji wala tangi. Walikunywa kwenye vijito hivihivi, wakapita ndani ya maji ili kupoteza nyayo. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alipopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ilikuwa ukingoni mwa msitu unaozaa mito yenu. Alihukumiwa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mmeliandika jina lake kwenye barabara, kwenye chuo kikuu, kwenye fulana. Maji aliyokunywa mmeyatia oili. Mnaheshimu jina, mnanajisi alichokipigania, kwa maana watu wale waliingia msituni kwa ajili ya ardhi, na ardhi isiyo na maji ni vumbi lenye hati.

Kisha Mungu akawapa mwonyaji wa kwenu, mwanamke wa Ihithe, hapo Tetu. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 karibu na kijito alichomchotea mama yake maji, akiyanywa papo hapo kutoka mtoni. Mwaka 2004, akisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, aliueleza ulimwengu habari za kijito kile, jinsi alivyocheza na mayai ya vyura akiwa mtoto, na jinsi kijito hicho kilivyokauka miaka mingi baadaye. Habari za ushindi wake zilimkuta hapahapa Nyeri, naye akapanda mti akiutazama Mlima Kenya. Hakuagiza shampeni, alishika udongo. Ninyi mlimshangilia. Mlimwita mama. Kisha mkarudi mashambani, mkapanda mikaratusi hadi ndani ya maji, kwa sababu nguzo za umeme zinalipa. Mti ule unanyonya usiku na mchana, na chemchemi iliyomnywesha babu yako inakuwa tope, kisha inakuwa ufa. Ikikauka mnasema ni mabadiliko ya tabianchi, kana kwamba tabianchi ndiyo iliyoshika jembe.

Sheria mnayo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima wala kujenga kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika. Lakini nionyesheni mita hizo 6. Mmezilima, mmezijenga, mmezizungushia seng'enge. Ndiyo maana hata anayetaka kutembea kando ya mto hana pa kukanyaga. Kijia cha kisimani ambacho bibi zenu walikitumia kimemezwa na ua wa mtu, na mnapita mbele ya ua ule mkimwamkia mwenyewe kwa heshima.

Nanyi wa Nanyuki, msidhani mmesalimika. Pale kwenye kibao cha ikweta, mgeni analipa pesa atazame maji yakizunguka ndani ya beseni, upande huu mkono wa kulia, upande ule mkono wa kushoto. Anashangaa, anapiga makofi, anapewa cheti. Mchezo ule wenyewe hauna ukweli, kwa sababu ikweta haina nguvu ya kuamua maji ya beseni yaelekee wapi. Na hatua si nyingi kutoka hapo upo mto wa kweli, Nanyuki, uliotoka mlimani, ambao hakuna anayemwonyesha mgeni. Mto huo na wenzake, Likii na Burguret, ndiyo mishipa ya mto Ewaso Ng'iro. Kila shamba lina mfereji wake, kila tajiri ana pampu yake, halali na haramu. Kiangazi kikikaza, Ewaso Ng'iro unakatika kabla haujawafikia Wasamburu. Wafugaji wanapanda juu na mifugo yao wakiyatafuta maji, wakifika mnawaita wavamizi. Nani aliyeanza kuvamia? Aliyekuja na ng'ombe wenye kiu, au aliyeuziba mto usimfikie?

Nanyi mnaokuja kutoka Nairobi kila Desemba kujivinjari, msijifiche nyuma ya wenyeji. Mnasimama Sagana, mnateremka ukingoni na majiko yenu ya mkaa, mnapiga muziki hadi ndege wanahama. Jioni mnaondoka mkiwa mmeshiba, na mnachokiacha ni chupa, vifuniko, mifupa na karatasi za chipsi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini ninyi mmeigeuza sheria hiyo kuwa ya sokoni tu. Mnaposti picha za maporomoko mkiandika maneno matamu juu ya uumbaji. Mlipoinuka kutoka pale, uumbaji ulibaki na takataka zenu.

Enyi wahubiri, nanyi ninawasemesha. Jumapili mnawateremsha waongofu mtoni, mnawazamisha, wanatoka wakilia kwa furaha. Mmewahi kuwaambia kwamba kuna dhambi katika maji yenyewe? Mnakemea pombe, mnakemea sketi fupi, mnakemea kamari. Mzee wa kanisa anayefungulia choo chake mtoni anakaa kiti cha mbele, na bahasha yake ni nene kuliko zote. Kama mimbari zenu haziwezi kumwambia huyo, basi wabatizeni waongofu kwenye tangi.

Na ninyi viongozi, ambao mto kwenu ni mahali pa kupigia picha. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ipande miti. Mlikuja na buti mpya. Mlipanda, mlipigwa picha, mliondoka. Rudini leo mhesabu iliyosimama. Mna idara za mazingira na maafisa wa maji, na kila mwaka mnasoma bajeti. Lakini mji unapanuka huku mabomba ya maji taka yakibaki nyuma, na kibali cha kujenga ukingoni kinapatikana kwa anayejua mlango wa kugonga.

Najua majibu yenu. Mtasema hiyo ni kazi ya kaunti. Je, kaunti ndiyo iliyotupa daipa? Mtasema ninyi ni maskini, hamna pa kutupia. Bibi zenu walikuwa maskini kuliko ninyi, na walimkaripia mtoto aliyekojoa karibu na kisima. Mtasema mtu mmoja hawezi kitu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuidai haki hiyo, bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Mtu mmoja ameshapewa rungu. Ninyi mmelitundika ukutani.

Wala msiseme haiwezekani. Kule Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, watu walikuwa wameufunika mto wao kwa saruji na kupitisha barabara juu yake. Waliibomoa barabara ile, wakaufunua mto Cheonggyecheon, na tangu mwaka 2005 wenyeji na wageni wanatembea kando yake katikati ya majumba marefu. Wao ilibidi wabomoe ndipo wauone tena mto wao. Wenu bado uko wazi, unatoka msituni ukiwa safi kabisa. Unachafuka ukifika kwenu.

Wahenga walionya, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ninyi bado mnakunywa, bado mnapika, bado mnanywesha ng'ombe, na mnamtukana mkunga wenu kila asubuhi. Siku inakuja ambayo mtafungua mfereji utoe pumzi. Mtanunua maji kwa mtungi kutoka kwa mtu aliyeyachota kwenu. Wajukuu wenu watauliza Chania ulipita wapi, nanyi mtaonyesha kidole kwenye bonde la mawe na mifuko.

Basi tubuni, na toba ionekane kwa mikono. Ng'oeni mikaratusi iliyo ukingoni, pandeni mikuyu, mianzi na miti ya asili. Rudisheni mita 6 za mto, na kijia cha umma ndani yake, ili mzee na mtoto waweze kutembea. Bodaboda, oshea pikipiki yako juu, mbali na maji. Mwenye nyumba, lipia gari la kunyonya choo, usiilipishe mvua. Mchungaji, mtaje mwenye dhambi hiyo kwa dhambi yake. Mwananchi, mpeleke mahakamani anayeziba au kuchafua, hata kama ni mbunge, hata kama ni mjomba wako. Nawe mwenyeji, mgeni wako ajaye mpeleke kwanza mtoni, ndipo umpeleke makaburini. Ukiona haya kumpeleka, anza leo kusafisha. Taifa linalotunza makaburi na kuua mito halimheshimu yeyote, si wafu wake wala walio hai.